Haidrojeni kutoka kwenye mabua na vumbi la mbao: Kilimanjaro na Arusha tunayo malighafi kweli?

Mwanzisha mada, Moshi
Wadau, habari za jioni. Siku hizi mazungumzo ya nishati safi hayaishi bila haidrojeni, gesi inayoweza kutumika kama nishati, kutajwa, na tunaambiwa sisi wa mikoa ya kilimo tumeukalia utajiri: mabua, maganda ya kahawa, makapi ya miwa, vumbi la mbao. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Teknolojia siipingi. Napinga mali ya mtu kuhesabiwa taka kabla mwenyewe hajaulizwa.

Inavyofanyika ni hivi. Mabaki makavu yanapashwa moto wa nyuzi 700 hadi 1,000 za Selsiasi, kwa hewa kidogo na mvuke. Yanageuka gesi yenye haidrojeni na kaboni monoksaidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Kaboni monoksaidi ikikutanishwa tena na mvuke, inapatikana haidrojeni zaidi na kaboni dioksaidi. Kwa makadirio, kilo 1 ya haidrojeni inataka kilo 13 hivi za mabaki. Makavu, nasisitiza! Mgomba zaidi ya asilimia 90 ni maji, tusiuweke kwenye hesabu.

Sasa mabua. Mwenye shamba la tambarare anajua: mahindi yakishavunwa, mabua yanafungwa, yanapakiwa kwenye pikapu, yanapandishwa Kibosho, Machame, Marangu kwa ng'ombe wa ndani. Kule juu malisho hakuna, kihamba, yaani shamba la ukoo la pale nyumbani, kimegawanywa mpaka kimebaki kipande. Ng'ombe anakula mabua, samadi inarudi kwenye migomba na kahawa. Kiwanda kikianza kuyanunua, mfugaji wa ng'ombe wawili atashindana nacho kwa bei gani?

Mdau wa Njiro, Arusha
Kaka, la ng'ombe nakubali. Lakini wengi wanaitazama haidrojeni kama mafuta ya gari, na hapo hata mimi nakataa: tangi lake hujazwa kwa mgandamizo wa hadi psi 10,000 hivi (kipimo kile kile cha upepo wa tairi), wakati tairi la gari dogo ni 30 na kitu. Vituo hivyo nani atavijenga?

Itazame kwa mbolea. Amonia hutengenezwa kwa haidrojeni na naitrojeni ya hewani, na mbolea ya urea hutoka kwenye amonia. Tani 1 ya urea, yaani mifuko 20 ya kilo 50, inahitaji kama kilo 100 za haidrojeni. Kwa uwiano wako, hizo ni tani 1.3 za mabaki makavu. Hata kaboni dioksaidi inayotakiwa kwenye urea inatoka humo humo. Leo duniani haidrojeni ya mbolea inatoka hasa kwenye gesi asilia na makaa ya mawe, ndiyo maana gesi ilipopanda bei 2022, mkulima wa Karatu aliumia dukani.

Fundi mbao, Siha
Niko kwenye mbao huku West Kilimanjaro. Mnazungumza kana kwamba mabaki yamelala tu. Mabanzi yana wateja, maranda yanagombewa na wafugaji wa kuku. Kinachorundikana ni vumbi la mbao: mvua ikinyesha linaoza, kiangazi linashika moto na kufuka siku kadhaa, na moshi wote tunavuta sisi. Akipatikana wa kulichukua, alichukue. Ila aje na bei mkononi, asije kutuambia anatusaidia kusafisha.

Mama mfugaji, Machame
Wanangu, kwa nini tusianze na jiko? Serikali ina mkakati kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Samadi ya ng'ombe wachache inaendesha mtambo wa biogesi wa nyumba moja, na tope linalobaki ni mbolea. Fedha ya umma ikipatikana, ianzie kwa wanawake wanaopanda mlima na mzigo wa kuni kichwani.

Mwanzisha mada
Shikamoo mama. Kwa fedha ya umma niko upande wako moja kwa moja.

Mdau wa Njiro, hesabu ya urea ina uzito, lakini kiwanda cha amonia kinafanya kazi kwa joto na mgandamizo mkubwa, hakizimwi kusubiri msimu. Kahawa inakobolewa kwa msimu. Kiwanda cha sukari cha TPC, makapi ya miwa tayari wanayachoma kupata mvuke na umeme wao. Kwa ninavyoona, tunabaki na vumbi la mbao analolisema fundi, na pumba za mpunga za huku chini. Basi hizo zipimwe kwanza, mwezi kwa mwezi, na atakayeleta mradi amwandike mwenye mabaki kwenye mkataba kama muuzaji.

Mwenye mashine ya kukoboa mpunga Mabogini au Chekereni atuambie: pumba zako sasa hivi anachukua nani, na kwa shilingi ngapi?