Ulinganisho: DAP, boraksi, rangi inayovimba au jipsamu, kipi kinafaa kukinga nyumba ya mbao na moto?

SeremalaMafinga (mleta mada)

Kamwene wanajukwaa. Nimepewa kazi ya kujenga nyumba mbili ndogo za wageni kwa mbao za msindano, pembeni ya shamba la miti la mteja wangu huku Mufindi. Kuta ni za mbao ndani na nje, dari ni ya mbao, na kila nyumba itakuwa na meko ya kuni kwa sababu ya baridi ya Juni na Julai. Mteja anataka mbao zipakwe dawa ya kuzuia moto kabla sijamkabidhi funguo. Aidha, ameona picha za ndege za Marekani zikimwaga kimiminika chekundu juu ya misitu, naye anauliza kama kitu cha namna hiyo kinaweza kunyunyizwa mpakani mwa shamba kila kiangazi, maana anahofia moto wa Septemba unaotokea kwa majirani wanaosafisha mashamba.

Njia ninazozilinganisha ni nne: kuloweka mbao katika maji ya mbolea ya DAP, mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki, rangi maalumu inayovimba ikipata joto, au kuachana na dawa na kufunika ndani kwa bodi za jipsamu. Wapo pia wanaoniambia nisihangaike, kwa kuwa mbao za dawa, zile za kijani zinazotoka kwenye mitungi ya kiwandani, haziungui. Naomba maoni ya wenye ujuzi.

MwalimuKemia_Iringa

Kamwene, ndugu seremala. Nianze na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo la hatari zaidi. Dawa ya kijani iliyozoeleka kwenye nguzo za umeme na mbao za kenchi ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Kazi yake ni kuzuia mchwa, wadudu na kuoza. Haizuii moto hata kidogo. Kinyume chake, mti uliotiwa dawa hiyo ukishika moto huweza kuendelea kufukuta ndani kwa ndani baada ya mwali kuzimika, na moshi na majivu yake hubeba aseniki. Mabanzi yake yasitumike kamwe kwenye meko, wala jikoni.

Sasa dawa zenyewe. Mbao yenyewe haitoi mwali moja kwa moja. Joto huivunja kwanza, hasa ile selulosi, na kwenye nyuzi joto zipatazo 300 hutoa mvuke wa lami na gesi. Mvuke huo ndio unaowaka hewani na kurudisha joto kwenye mbao ili itoe mvuke mwingine. Mzunguko huo ndio tunaouita moto. Kila dawa unayoisikia hukata mzunguko huo mahali fulani.

Fosfati ya amonia, ambayo ndiyo DAP yako, hukata mwanzoni kabisa. Ikipata joto huachia amonia na kubakiza asidi ya fosforiki, na asidi hiyo huilazimisha selulosi kupoteza maji na kugeuka mkaa badala ya kutoa lami inayowaka. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mbao yenye fosfati huanza kuharibika mapema zaidi, katika joto la chini kuliko mbao tupu, lakini inaharibika kwa kutoa mkaa mwingi, mvuke wa maji na gesi chache za kuwaka. Mkaa huo nao hukinga mbao iliyo chini yake. Boraksi na asidi ya boriki huyeyuka na kufanya utando kama kioo juu ya nyuzi za mbao: boraksi hupunguza kuenea kwa mwali, asidi ya boriki huzuia kufukuta, na ndiyo maana hutumiwa pamoja. Rangi inayovimba ina vitu vitatu ndani, yaani kitoa asidi, kitoa mkaa na kitoa gesi, vinavyoungana na kufanya povu gumu la mkaa lenye unene wa mara nyingi kuliko ule wa rangi ya awali. Jipsamu hutegemea maji: takriban asilimia 21 ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake, na joto hulazimika kuyachemsha yote kabla ya kuvuka upande wa pili.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayofanya mbao isiungue. Zote hununua muda.

MkulimaMiti_Makete

Hiyo ya DAP nimekuwa nikiisikia vijiweni, na nashukuru mwalimu ameieleza. Mtu yeyote anaweza kujionea. Chukua vipande viwili vya papi vilivyokauka, kimoja kiloweke usiku kucha katika maji moto yenye DAP nyingi, kikaushe juani mpaka chumvi nyeupe ianze kuonekana kwenye vinyweleo vya mbao, kisha vishike vyote kwa koleo juu ya jiko la mkaa lililokolea. Kile kitupu hutoa mwali wa manjano, na ukikiondoa jikoni kinaendelea kuwaka chenyewe. Kilicholowekwa hutoa moshi na harufu kali ya amonia, hugeuka cheusi tii, lakini ukikiondoa jikoni mwali hufa.

Wauzaji wa mbolea wetu wana mifuko mingi inayofanana, na hapo ndipo watu watakapoumia. DAP na SA (salfeti ya amonia) zinaweza kufanya kazi hii kwa sababu zote ni chumvi za amonia zisizo na naitreti. CAN msiiguse: ina naitreti, na naitreti huupa moto oksijeni. Mbolea ya Minjingu nayo haitasaidia ingawa ni fosfati, kwa kuwa ni fosfati ya chokaa isiyoyeyuka katika maji. Kwa hiyo ukimtuma kijana dukani, mwandikie jina kwenye karatasi.

MkandarasiMbeya

Ndugu zangu, jaribio la papi ni zuri, lakini nyumba haijengwi kwa vipande vya urefu wa kiganja. Mbao zinazotiwa chumvi za kuzuia moto kiwandani huingizwa dawa kwa shinikizo, na kiasi kinachobaki ndani mara nyingi huwa kati ya kilo 40 na 80 za chumvi kavu kwa kila mita moja ya ujazo. Kwa brashi hufikii hata sehemu ndogo ya hapo. Mtu anapaka mara mbili, anaona weupe juu, anaridhika, na kumbe dawa imeingia milimita moja au mbili.

Tatizo la pili ni unyevu. Chumvi hizi hupenda maji. Nimefanya kazi Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na ukuta wa nje uliopakwa chumvi ya aina yoyote, iwe DAP au boraksi, huoshwa ukabaki mbao tupu. Hata ndani ya nyumba, chumvi ya amonia huvuta unyevu wa hewani, rangi inabanduka na misumari ya kawaida inashika kutu. Marekani walikwishapata somo la gharama: katika miaka ya 1980 walitumia plaiwudi zilizotiwa chumvi za fosfati kwenye mapaa, na joto la kawaida la jua chini ya paa likatosha kuiamsha ile asidi polepole, mbao zikawa dhaifu na kukatika bila moto wowote. Kwa hiyo DAP kwenye kenchi, chini ya bati, mimi siiruhusu kwenye mradi wangu.

Rangi inayovimba naiamini, kwa masharti. Ipakwe kwa unene uliotajwa na mtengenezaji, na unene upimwe, kwa sababu fundi akiinyoosha ili debe moja litoshe vyumba viwili, umenunua rangi ya bei ghali isiyo na kazi. Isipakwe juu yake rangi nyingine nzito ambayo mtengenezaji hakuiruhusu, kwani itaizuia kuvimba. Tunaitumia zaidi kwenye nguzo za chuma, maana chuma kikifika nyuzi joto 550 hivi hubakiwa na kama nusu tu ya nguvu yake, lakini ipo iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao pia. Ombeni karatasi ya majaribio inayosema "mbao", msipokee ya chuma.

DadaMisitu_Njombe

Nitajibu sehemu ya mpaka wa shamba, kwa kuwa naona wote mmevutwa na nyumba.

Kimiminika chekundu cha kwenye picha ni fosfati ya amonia iliyochanganywa na vizito vya kuifanya ishike majani, dawa ya kupunguza kutu, na rangi ya oksidi ya chuma ili rubani aone alipomwaga. Miaka ya 1950 California walitumia borati, wakaiacha kwa sababu iliunguza udongo usiote kitu, ndipo wakahamia kwenye fosfati. Faida yake dhidi ya maji matupu ni kwamba inaendelea kufanya kazi hata maji yake yakishakauka. Maji, povu na jeli husaidia pale tu vinapokuwa bado vibichi, na kwa upepo wa Septemba wa huku kwetu hilo ni suala la muda mfupi.

Sasa tupige hesabu. Shamba la hekta moja lenye umbo la mraba lina mzunguko wa mita 400. Ukinyunyiza ukanda wa upana wa mita 3 wenye nyasi, kwa lita 0.8 kila mita ya mraba, unahitaji lita 960, yaani bomba la mgongoni la lita 16 lijazwe mara 60. Ndani yake, kwa gramu 130 hivi kwa lita, kuna DAP inayokaribia mifuko miwili na nusu ya kilo 50. Hiyo ni hekta moja. Na baada ya hapo, mvua ya kwanza ya Novemba itaosha yote, na nyasi zako zitanenepa kwa mbolea hiyo kiasi kwamba mwaka utakaofuata utakuwa na kitu kingi zaidi cha kuungua. Fedha hiyohiyo ilipe vibarua wa kulima barabara ya moto mpaka udongo mtupu uonekane, na kupogolea matawi ya chini ya misindano ili moto wa nyasi usipande juu. Moto ukishapanda kwenye vilele, cheche huruka juu ya ukanda wowote wa mita 3, uwe na dawa au usiwe nayo.

Kuna suala la maji pia. Amonia huua samaki, na fosfati huotesha magugu majini. Wamarekani wenyewe wanatakiwa kuacha mita zipatazo 90 kutoka kwenye mto au bwawa wanapomwaga kwa ndege. Huku Mufindi, ambako mabonde mengi yana vijito, sioni mahali pengi pa kunyunyizia kwa usalama.

MwalimuKemia_Iringa

Nakubaliana na dada kwa mpaka wa shamba. Kwa mkandarasi ningeongeza jambo moja: boraksi na asidi ya boriki zisitupwe kapu moja na DAP. Ni kweli huoshwa na mvua, lakini ndani ya nyumba hazivuti unyevu kwa kiwango kile, na zinafukuza mchwa na wadudu wa mbao kwa wakati mmoja. Kwa mapazia na vitambaa kuna kipimo cha zamani kinachojulikana: sehemu 7 za boraksi na 3 za asidi ya boriki katika sehemu 100 za maji, kwa uzito, kitambaa kikifuliwa, dawa irudiwe. Anayechanganya avae barakoa na glavu, na mjamzito asishiriki, kwa kuwa boroni kwa wingi inahusishwa na madhara ya uzazi.

MpangajiSoweto_Mbeya

Wakuu, mbona hamjaitaja dari ya plastiki? Mafundi wengi huku wanaiweka na wanasema haishiki moto.

MkandarasiMbeya

Ndugu mpangaji, ile ni PVC, na zaidi ya nusu ya uzito wa PVC tupu ni klorini, ndiyo maana mwali hufa ukiondoa chanzo. Klorini na bromini hufanya kazi hewani, ndani ya mwali wenyewe, kwa kukamata chembe zinazouendeleza. Tatizo ni moshi: unatoa asidi ya hidrokloriki inayochoma macho na mapafu wakati mtu anatafuta mlango. Baadhi ya dawa za bromini zilizokuwa zikitiwa kwenye plastiki na sponji za viti zimepigwa marufuku kimataifa kupitia Mkataba wa Stockholm, kuanzia 2009 na nyingine 2017, kwa sababu haziozi na hujikusanya mwilini. Juu ya meko ya kuni, mimi siweki plastiki.

SeremalaMafinga (mleta mada)

Nawashukuru sana. Baada ya kusoma, naelekea hivi: DAP naiacha kabisa kwenye nyumba. Nyuma ya meko na juu yake naweka jipsamu juu ya fremu ya chuma, bila mbao yoyote kugusa bomba la moshi. Kuta za ndani zilizobaki, boraksi na asidi ya boriki kwa kuloweka kabla ya kupigilia. Kuta za nje naziacha bila dawa ya moto, ila natumia mbao nene na kusafisha nyasi kuzunguka nyumba. Je, unene una maana yoyote, au ni imani ya mafundi tu?

MwalimuKemia_Iringa

Una maana kubwa. Mbao laini kama msindano hugeuka mkaa kwa kasi ya takriban milimita 0.65 kwa dakika upande mmoja. Ubao wa milimita 20 utapenywa na moto kwa nusu saa hivi, lakini nguzo ya milimita 150 katika muda huohuo itakuwa imepoteza milimita 20 kila upande na bado inabeba paa. Kwa hiyo nguzo na mihimili iwe minene, na mianya kati ya mbao izibwe, kwa sababu moto hupenda kingo nyembamba na nafasi inayopitisha hewa.

DadaMisitu_Njombe

Na usafishe mpaka mita 10 kuzunguka kila nyumba, maranda ya kazi yako yakiwemo. Kuni za wageni zisipangwe kwenye veranda. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Iandike mlangoni, pamoja na maelezo ya njia ya kufika hapo kutoka barabara kuu, kwa kuwa gari likitoka mjini usiku litapotea kwenye njia za mashambani.

MkandarasiMbeya

Nyongeza kwa seremala: ukiloweka kwa boraksi, acha mbao zikauke kabisa kivulini kabla ya kupigilia, na usizipige randa tena, maana dawa iko karibu na uso na randa itaiondoa yote. Pangilia kazi hivi: kata, toboa, randa, ndipo uloweke. Ncha ulizokata baadaye zipakwe upya kwa brashi.