Naomba ushauri: shayiri yangu inaungua majani, Bukwo

Habari zenu wakulima wenzangu. Nalima shayiri Bukwo, huku Mlima Elgon upande wa Uganda, na mvua hizi zisizokatika zimeniletea balaa. Majani ya chini yalianza na madoa kama yamelowa maji. Sasa katikati ni kijivu, ukingoni kahawia iliyokolea. Jirani anasema ni ugonjwa wa kutu, lakini nimesugua jani kwa kidole na sikupata unga wa rangi ya chungwa. Michirizi iliyosukana kama wavu, dalili ya ugonjwa mwingine wa shayiri, pia siioni. Nashuku ni skaldi, kuvu inayobaki kwenye mabua ya msimu uliopita na kurushwa na matone ya mvua.

Kinachonisumbua zaidi ni muda. Jani la juu kabisa, linalotangulia suke, ndiyo kwanza linachomoza na bado ni safi. Nipulizie propikonazoli, dawa ya kuua kuvu, sasa, au ningoje mvua ipungue? Naogopa kungoja, maana majani ya juu husaidia kujaza punje.

Na nikishavuna, mabua niyafukie, au inatosha kubadilisha na maharage au viazi? Walioko Kapchorwa, Kween, hata Mau Narok kule Kenya, tafadhali nielekezeni.