Michezo ya vita ya kompyuta: vita vya leo au vya zamani?

Kayole_Mpya

Wakuu, salamu. Nimetoka kwenye drafti na chesi, sasa nataka kuingia kwenye michezo ya vita ya kompyuta. Sitafuti ile ya kukimbia na bunduki, wala ile ya kutawala bara zima. Nataka ya mbinu: unapewa platuni tatu, vifaru vinne, kilima kimoja, halafu jipange.

Swali: nianze na vita vya kisasa au vya zamani? Jamaa yangu wa kazini anashikilia vya kisasa, eti Vita vya Pili vya Dunia ni vya wazee wanaopenda kuhesabu risasi. Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM giga 4, kadi ya picha haina. Nipeni sababu hasa, majina ya michezo nitayatafuta mwenyewe.

MzeeWaRamani

Karibu. Mimi ni mmoja wa hao wazee, kwa hiyo jua mapema ninakoegemea. Anza na 1944, na sababu yangu ni umbali.

Mjerumani mwenye Panzerfaust 60, silaha ya mkononi ya kupiga vifaru, lazima ajibanze mtaroni mpaka kifaru kifike mita 60 hivi. Risasi ni moja tu; akikosa, basi. Sasa wewe unayemwamrisha una kazi kabla hajafyatua. Askari wa miguu wa adui wako mbele ya kifaru au nyuma? Bombomu yangu inaweza kuwalaza chini ili kifaru kije peke yake? Huyu kijana akishapiga, ana njia ya kutokea au nimemtoa kafara? Unaweza kukaa dakika kumi unatazama ua mmoja wa miti na hujachoka.

Njoo kwa Javelin, kombora la leo la Marekani la kupiga vifaru. Inafika kilomita 2 na zaidi, inapaa kisha inashukia paa la kifaru, mahali ambapo chuma ni chembamba. Maswali yote yale yanabaki mawili: nimekiona? Kimeniona?

Chukua mapigano ya 73 Easting, jangwani Iraki, tarehe 26 Februari 1991. Kikosi kimoja cha Marekani, Eagle Troop, kiliteketeza vifaru 28 vya Iraki kwa dakika 23 hivi. Dhoruba ya mchanga ilikuwa inavuma. Wamarekani walikuwa na darubini za joto, wenzao walikuwa wanatazama vumbi. Na Wairaki hawakuwa wajinga: walijipanga upande wa nyuma wa mwinuko, mbinu ambayo kamanda yeyote wa 1944 angeipigia saluti. Haikuwafaa kitu. Cheza upande wao uone kama kuna uamuzi wowote ambao ungewaokoa.

Droni_Juu

Mzee, shikamoo, lakini hapo umechagua jangwa kwa sababu jangwa linakupa ushindi. Hamishia vita hivyohivyo mjini.

Mchezo wa Combat Mission: Shock Force wa 2007 unakuweka Syria, kwenye vita vya kubuni dhidi ya majeshi ya NATO. Silaha hazilingani hata kidogo, ila masharti ya ushindi nayo hayalingani. Anayecheza na Wamarekani anaweza kuchukua mtaa mzima na bado akahesabiwa ameshindwa kwa sababu amepoteza watu wengi kuliko alivyoruhusiwa. Mwenzake hahitaji kushika hata nyumba moja: anapiga RPG-7 toka dirishani, anateremka ngazi, anapotelea uchochoroni. Watu wawili, ramani moja, na kila mmoja anacheza mchezo wake. Hiyo huipati Normandy, ambako pande zote mbili zinagombania njiapanda ileile.

Halafu mnasema kisasa hakuna maamuzi! Moshi wa kawaida haufichi mtu mbele ya darubini ya joto, kwa hiyo ujanja wa kuvuka barabara kwa moshi, ambao Mzee anaupenda, unakufa. Droni ikiwa angani, mizinga inakufikia ungali unapanga. Hukai mahali pamoja. Kwenye michezo ya zamani mtu anajificha nyuma ya ua tangu zamu ya kwanza hadi ya mwisho, eti mbinu.

MzeeWaRamani

Ua wa Normandy si ule wa kwako wa maua, kijana. Ni tuta la udongo lenye mizizi, kifaru kinapanda na kuonyesha tumbo.

DadaFyuzi

Nyote mnaongea kama kuona kunatosha. Kuona na kumwambia mwenzako ni kazi mbili.

Combat Mission ya kwanza kabisa, Beyond Overlord ya mwaka 2000, askari mmoja akimwona adui, jeshi zima limemwona papo hapo. Kuanzia Shock Force kila kikosi kina macho yake, na habari inasafiri kwa redio, kwa sauti, au haifiki. Mfumo huo ukiutia kwenye jeshi la kisasa unausikia kidogo, kwa sababu kila mtu ana redio. Ukiutia kwenye vita vya zamani, ndipo unajua kwa nini watu walishindwa.

Mfano wangu ni T-34 ya 1941, kifaru cha Warusi. Kwenye karatasi inaishinda Panzer III ya Wajerumani: chuma kimelala mshazari, mzinga wa milimita 76 dhidi ya ule wa 37 au 50. Sasa ingia ndani. Juu kwenye mzinga wamekaa watu wawili, na kamanda ndiye huyohuyo anayelenga na kupiga. Akiweka jicho kwenye kilengeo, hakuna anayetazama uwanja. Anataka kumwambia jirani yake ageuke kulia? Vingi vilikuwa havina redio. Fuata cha kamanda, fanya anachofanya. Kwenye Panzer III wamekaa watatu: mmoja anapakia, mmoja anapiga, kamanda kazi yake ni kutazama na kuamuru, na redio ipo. Kwa hiyo ile yenye mzinga mdogo inamaliza kuizunguka ile kubwa kabla haijajua imezungukwa. Warusi walipoleta T-34-85 mwaka 1944 walimwongeza mtu wa tatu pale juu, na kwangu hilo lilikuwa badiliko kubwa kama mzinga wenyewe.

Mchezo ukikuonyesha jambo kama hilo bila kukuandikia hata sentensi moja, huo ni mchezo. Nenda na historia.

Kayole_Mpya

Dada, hapo umenishika. Lakini hizi Combat Mission zitaingia kwenye laptopu yangu kweli?

Fundi_wa_Luthuli

Ndugu, na giga 4 bila kadi ya picha zitakutesa. Feni italia, askari watatembea kama wako ndani ya uji. Usianzie huko.

Tafuta WinSPWW2 na WinSPMBT. Zote ni za bure, zote zimejengwa juu ya mfululizo wa Steel Panthers wa kampuni ya SSI, ulioanza mwaka 1995, na mashine yoyote iliyopita mezani kwangu inaziendesha. Ya kwanza ni 1930 mpaka 1946. Ya pili inaanzia 1946 na kuja mpaka miaka hii yetu. Ramani ni ya visanduku vya pembe sita, kila kimoja mita 50 hivi. Picha ni za enzi za zamani kwelikweli, usije ukanilaumu. Faili si ndogo, kwa hiyo subiri bando la usiku. Na ni za zamu: stima ikipotea katikati ya vita, unahifadhi betri ikiwa bado na pumzi, kesho unaendelea.

Uzuri wake kwa swali lako: sheria zinakaribiana, vitufe ni vilevile, kinachobadilika ni mwaka. Weka kompania moja ya miguu na vifaru vinne washambulie kijiji, 1943. Kisha fanya hivyohivyo 2005. Utajijibu mwenyewe kuliko sisi tutakavyokujibu hapa mpaka alfajiri.

Kuna anayeuliza kando habari za mikuki na ngao: Field of Glory II ya 2017 ni nzuri, lakini majeshi yakishagongana hapo umebaki mtazamaji. Tuiache.

Mjukuu_wa_KAR

Kwa mtu wa Nairobi, WinSPWW2 ina faida nyingine: tumo ndani. Zile sanamu tatu za shaba za askari pale Kenyatta Avenue tunazipita kila siku tukikimbilia matatu, na vita vyao vya 1914 hutavikuta humo kwa sababu mchezo unaanzia 1930. Lakini watoto wao wamo. Ukichukua Waingereza na Waitaliano unaweza kutengeneza El Wak ya Desemba 1940, kule mpakani na Somalia. Ukichukua Waingereza na Wajapani unaweza kutengeneza njia ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshuka bonde la Kabaw kule Burma wakati wa mvua za monsuni na kufika Kalewa, kwenye mto Chindwin, Desemba 1944.

Mimi nimeitengeneza hiyo ya Kabaw kwa kihariri cha mchezo. Uwezo wa kuona niliuweka visanduku vitatu, yaani mita 150. Njia moja ya matope, msitu pande zote, kifaru kikitoka njiani kinazama. Handaki la Wajapani hulioni mpaka limeua mtu. Ukishalijua, platuni moja inamimina risasi kwenye kile kitundu ili waliomo wainamishe vichwa, ya pili inapita msituni polepole mpaka ubavuni, ya tatu unaiacha nyuma hata kama inakuuma kuiacha, kwa sababu kuna handaki lingine linalolilinda la kwanza. Sikuzote lipo. Nikipeleka platuni zote tatu mbele, napoteza.

Hapo hakuna Javelin wala kifaru cha Tiger. Ni miguu, matope na subira.

Droni_Juu

Kaka, hiyo ni kazi nzuri na nitaiomba. Lakini ona unachosifu: kuona mita 150. Unaupenda msitu kwa sababu umemfunga adui macho. Vita vya leo haviwezi kufungwa macho, na kijana anayetaka kuelewa habari anazoziona kwenye simu kila asubuhi hatazielewa kwa Kabaw.

DadaFyuzi

Hizo habari za kila asubuhi ndizo zinazonitoa kwenye michezo ya kisasa. Combat Mission: Black Sea ilitoka 2015, ikabuni vita Ukraine mwaka 2017. Nilikuwa naicheza. Ilipofika 2022 niliifunga. Tena sisi hapa wengi tuna ndugu waliokwenda Somalia tangu 2011. Mchezo unaoniandikia mwishoni "waliouawa: 14" kwa sare wanazovaa watu ninaowajua, siuwezi.

Mjukuu_wa_KAR

Dada, nakuelewa, na sikubishii. Ila babu yangu alirudi kutoka Burma na sikio moja halisikii, na wenzake wengine hawakurudi kabisa. Nami nawasogeza kwa kipanya. Ni miaka mingapi inatosha?

DadaFyuzi

Sina namba. Najua tu kwamba ya babu yako naweza kuicheza na hii siwezi.

Drafti_na_Chai

Mimi huwa nasoma tu, leo niingie. Mnabishana 1944 na 2020 kama katikati hapakupita kitu. Fungua WinSPMBT, weka Oktoba 1973, Suez.

Askari wa miguu wa Misri ana Malyutka, kombora la Kirusi la kupiga vifaru, ile NATO waliyoiita Sagger, amekuja nayo ndani ya sanduku kama la safari. Inafika kilomita 3. Lakini haijiongozi: yeye mwenyewe anaiendesha kwa kijiti, macho kwenye kombora na kwenye kifaru kwa pamoja, mpaka litue. Mwendo wake ni kama mita 120 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 3 ni sekunde 25 hivi. Chini ya mita 500 haina maana, anakuwa bado hajaishika vizuri. Tena aliyeshika kijiti anaweza kukaa hadi mita 15 kutoka lilipo kombora, kwa hiyo ukipiga palipotoka moshi si lazima umpate.

Sasa wewe ndiye kamanda wa vifaru vya Israeli. Umeona moshi wa kurushwa. Unamimina bombomu upande ule ili jamaa ashtuke mkono uteleze? Unarudi nyuma ya tuta? Unamkimbilia ufike ndani ya zile mita 500? Vifaru vyako havina askari wa miguu, nani atafagia mitaro?

MzeeWaRamani

Huyu anyamazishwe tena, anaharibu hoja yangu. Mkuu, 1973 naikubali bila ugomvi. Kati ya kumwona mtu na kumuua pana sekunde 25, na ndani ya hizo sekunde pana mchezo. Javelin ilizila, kwa maana mwenye Javelin anarusha na kukimbia.

Droni_Juu

Na droni inazirudisha, Mzee. Rubani wake naye ameinamia kioo, anaendesha kitu polepole mpaka kitue. Michezo ikiliweka hilo sawasawa utarudi kwangu.

MzeeWaRamani

Ikiliweka. Kwa sasa mingi inaifanya droni kuwa jicho la angani tu.

Kayole_Mpya

Nimepakua zote mbili usiku. Nilianza na kijiji cha Fundi. Ya 1943 nilishinda kwa taabu. Ya 2005 vifaru viwili vililipuka kabla sijajua vinapigwa kutoka wapi, na nilipojua nikafurahi kwa sababu nilikuwa nimeviegesha juu ya kilima kabisa, kama mabango ya uchaguzi. Jamaa yangu wa kazini nitamwambia ya kisasa ni tamu pia. Ila naanza na 1973, halafu Kabaw. Mjukuu, unaweza kunitumia faili?

Mjukuu_wa_KAR

Nitakutumia kwa barua pepe, na tuicheze hivyohivyo, zamu kwa zamu. Chukua KAR, yaani King's African Rifles, askari wetu wa jeshi la Mwingereza, mimi nitakuwa Mjapani.

Kayole_Mpya

Sawa. Mizinga ninayo mingapi?

Mjukuu_wa_KAR

Mota mbili. Usiombe ya tatu.

Droni_Juu

Omba ya tatu.