Naomba ushauri: Je, ni kweli fizikia imethibitisha kwamba tunachokiamini ndicho kinachokuwa?

Mama wa Konde:
Assalaam alaykum wanajamvi. Naandika kutoka Pemba, na naomba nijibiwe na wenye elimu, si wenye dhihaka. Kuna mwalimu mmoja, mtu mstahiki mwenye maneno matamu, ambaye hutusomesha wanawake wa mtaani kwetu kila Alkhamisi baada ya sala ya Alasiri. Anatueleza kwamba wataalamu wa fizikia wamethibitisha kuwa chembe ndogo kabisa za maumbile hubadili mwenendo wake zinapotazamwa, na kwa hivyo akili ya mwanadamu ndiyo inayoiunda hali anayoishi ndani yake. Anayeogopa umasikini huuita, na anayeogopa maradhi huyakaribisha. Nauliza jambo moja tu: je, fizikia imesema hivyo kweli? Nina uamuzi wa nyumbani ambao nimeshauanza na sitaki kuurudisha nyuma, lakini usingizi umeniruka.

Maalim Mstaafu:
Wa alaykum salaam, bibie. Nimesomesha fizikia skuli za Unguja kwa umri wangu wote wa kazi, na swali hili nimelisubiri. Jaribio analolitaja mwalimu wako ni la kweli. Elektroni zikipitishwa moja moja kwenye pazia lenye nyufa mbili, mwishowe huchora mistari ya mawimbi. Ukiweka chombo cha kubaini kila moja imepita ufa upi, mistari hupotea. Hapo ndipo watu hurukia kusema kwamba akili ndiyo iliyoifuta. Mwaka 1999 timu ya Anton Zeilinger mjini Vienna iliyaona mawimbi hayo hata kwa molekuli za kaboni zenye atomu 60, na miaka michache baadaye molekuli za jamii hiyo zilipopashwa moto sana hadi zikatoa mwanga wake zenyewe, mistari ilififia bila ya mtu yeyote kuutazama mwanga ule. Kinachofuta mistari ni alama ya njia iliyopitwa, inayoachwa ulimwenguni, awepo mwenye kuamini au asiwepo. Isitoshe, kanuni aliyoitoa Max Born mwaka 1926 hutupa uwezekano wa kila tokeo, na ndani yake hamna pahala pa kutia matakwa ya mtu. Sikatai kwamba Eugene Wigner, mwanafizikia mkubwa, aliandika mwaka 1961 kuwa fahamu inahusika. Lakini yeye mwenyewe baadaye aliiacha rai hiyo.

Kijana wa Ng'ambo:
Mimi kila ninapopanda boti ya Pemba huamini kwa moyo wangu wote kwamba sitatapika, na kila tukifika mkondo wa Nungwi baharia hunipitia na mfuko mweusi kabla sijamwita. Naomba mwalimu huyo asafiri nami.

Bin Chwale:
Msifanye mzaha na imani. Mwaka 1995 popobawa, shetani aliyesemwa kuvamia watu usiku majumbani, alipovuma hapa Pemba nilikuwa kijana, na nakumbuka ukoo mzima ukitandika majamvi uwanjani, wazee, watoto na wajawazito wakilala kwa kubanana pembeni mwa moto, na hakuna aliyekubali kulala wa mwisho mstarini. Babu yangu, ambaye alikuwa akicheka mashetani, naye alileta jamvi lake usiku wa pili. Sikumuona popobawa, lakini nyumba zilizoachwa wazi niliziona. Basi jambo lililoaminiwa likatoa watu majumbani mwao. Hiyo si hali halisi?

Maalim Mstaafu:
Ni hali halisi, bwana, lakini iliundwa na miguu ya watu waliotoka nje. Mwanasosholojia wa Marekani, Robert Merton, alilieleza hilo mwaka 1948 kwa mfano wa benki nzima inayofilisika kwa sababu tu wateja wameamini kuwa itafilisika, wakaenda wote kutoa pesa zao. Imani hufika kwenye mambo yanayopitia mikononi mwa wanadamu.

Nesi wa Mkoani:
Bibie, kila mtu amejibu analolipenda, lakini wewe hujatwambia uamuzi wenyewe ni upi. Nani anaumwa?

Mama wa Konde:
Sikusema kuna anayeumwa. Ni mtu wa nyumbani mwenye matatizo ya kifua, na kwa sasa hajambo. Nimeona kwa macho yangu wanawake waliobadilika kwa mafunzo haya, kwa hivyo tafadhali tubaki kwenye fizikia.

Maalim Mstaafu:
Kuona kwa macho pia kuna kisa chake katika fizikia. Mwaka 1903 René Blondlot, mwanafizikia wa Nancy, Ufaransa, alitangaza kugundua miale mipya, na wataalamu kadhaa wakathibitisha kwamba wameiona. Mwaka 1904 alitembelewa na Mmarekani Robert Wood, ambaye gizani aliuchomoa kwa siri mche wa alumini uliotakiwa kuipinda miale hiyo, na wenyeji wake wakaendelea kusoma vipimo vilevile. Walikuwa watu wakweli, na miale haikuwepo.

Nesi wa Mkoani:
Nauliza tena. Ana umri gani, na alikuwa akitumia dawa gani?

Mama wa Konde:
Ni mtoto wa miaka tisa. Ana pumu. Mwalimu alisema kuweka kipulizio ndani ya nyumba ni kumtandikia mgeni kitanda kisha kulalamika amekuja, kwa hivyo tangu baada ya Idi nimekiondoa. Hajapata shida kubwa, ila usiku hukohoa kidogo, na mwenyewe anasema anajisikia vizuri zaidi kuliko zamani. Je, hilo si dalili kwamba imani inafanya kazi?

Nesi wa Mkoani:
Hilo ndilo lililonitisha. Mwaka 2011 jarida la tiba la Marekani, *New England Journal of Medicine*, lilichapisha utafiti wa wagonjwa wa pumu waliopewa kwa zamu kipulizio chenye dawa, kipulizio kitupu, na siku nyengine hawakupewa chochote. Walipoulizwa, walieleza kwamba kipulizio kitupu kimewapa nafuu karibu sawa na dawa. Walipopimwa nguvu ya pumzi, dawa ilikuwa imeipandisha kwa kiasi cha asilimia 20, na kipulizio kitupu kwa kiasi cha asilimia 7, sawa na kukaa bila ya kitu. Kwa hivyo mtoto anaweza kukwambia kwa ukweli kabisa kwamba anajisikia vizuri huku njia za hewa zikizidi kubana. Usimsikilize tu, mvue shati umtazame: ukiona shimo la chini ya koo linadidimia kila anapovuta pumzi, mbavu zinajichora, mabega yanapanda, na hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, usingoje asubuhi.

Ukhti Mtambwe:
Dada yangu katika imani, Mtume (S.A.W.) alimwambia mwenye ngamia amfunge kwanza kisha atawakali. Anayekwambia uache dawa ili uonekane una imani amekupunguzia dini.

Msomaji wa Shangani:
Samahanini, lakini mimi naona tunachezewa. Kwanza ilikuwa "uamuzi wa nyumbani", kisha "mtu wa nyumbani", sasa mtoto wa miaka tisa. Katika uzi wa ada za skuli wa mwaka jana, Mama wa Konde huyuhuyu aliandika kwamba Mungu hajamjaalia mtoto. Maalim anatoa darasa, nesi anatoa tiba, na hadithi yenyewe imetungwa.

Kijana wa Ng'ambo:
Nilishaanza kushuku tangu kwa huyo mwalimu asiye na jina.

Bin Chwale:
Na nyinyi mnaoshuku mna majina?

Mama wa Konde:
Nilichoandika mwaka jana ni kweli, na hiki pia ni kweli. Ni mtoto wa dada yangu aliyeko Maskati kwa kazi, nimemlea tangu hajaanza chuo cha Kurani, na kwetu mtoto wa dada ni wangu. Simtaji mwalimu kwa sababu tunaishi mtaa mmoja. Mama yake bado hajui, maana hilo ndilo mtakalouliza baadaye. Kipulizio sikukitupa, nimekiweka kwa jirani, mlango wa tatu, na naona hiyo ni tahadhari ya kutosha.

Nesi wa Mkoani:
Jirani yupo nyumbani sasa hivi?

Mama wa Konde:
Amekwenda harusini Chake Chake, na ufunguo anao yeye.

Nesi wa Mkoani:
Basi mtazame mtoto kama nilivyokueleza, sasa, na ukiona hata dalili moja tafuta gari usiku huuhuu. Ikiwa ametulia, mpeleke kituo cha afya asubuhi na ueleze bila ya kuficha tangu lini ameacha dawa. Uliza pia kama alikuwa anahitaji kipulizio cha kila siku cha kukinga, kwa sababu kile cha buluu ni cha kufungua kifua tu. Na kama hawana chombo cha kumsaidia kuvuta, hutobolewa chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita kitakoni, ikabana vizuri mdomoni mwa kipulizio; omba wakuonyeshe.

Mama wa Konde:
Nimemtazama. Shimo la koo halididimii, ila mbavu sina hakika, kwa hivyo nimempigia shemeji mwenye gari na yuko njiani. Dada nitamwambia mwenyewe. Darasa la Alkhamisi sitaliacha, na naomba mtu asinihimize kwa hilo usiku huu.