Ushauri: likizo ya Desemba na watoto kisiwani. Ssese, Zanzibar au Watamu, wapi tutaona samaki chini ya maji?

MamaZahra_Kibuli

Assalaam aleikum na habari zenu wote. Naomba ushauri wa watu waliokwishafika, maana picha za mtandaoni nimezitazama hadi zinanichanganya.

Tuko Kampala, watoto watatu: binti wa miaka 14, mvulana wa 11, na mdogo wa 6. Shule zikifunga muhula wa tatu tunataka kuwapeleka kisiwani pamoja na mama mkwe, ambaye hajui kuogelea na hana haja ya kujifunza. Binti amefundishwa kuogelea na sasa hana wimbo mwingine ila kuzamia kwa mtungi wa hewa. Mvulana anaogelea vizuri bwawani, baharini hajawahi kuingia. Mdogo anaelea akiwa na boya tu. Baba yao alikuwa na pumu utotoni. Siku hizi haimsumbui, ila dawa ya kuvuta bado anaiweka karibu.

Mume wangu anasema twende Kalangala, kule visiwa vya Ssese ziwani, ni karibu na ni nafuu. Mimi moyo wangu uko Zanzibar. Shemeji anatuvuta Watamu, pwani ya Kenya, kwa basi. Sasa nauliza: Ssese mtu akivaa miwani ya kuzamia ataona kitu? Mtoto wa umri gani anaruhusiwa mtungi? Na mimi ninayesitiri mwili nivae nini majini?

Nahodha_Ggaba

Mama Zahra, kazi yangu ni boti za ziwani na Kalangala naipenda kwa dhati, lakini kwa hilo mnalolitafuta nitakwambia hapana. Maji yetu yana mwani mwingi. Mahali pengi ukisimama yakakufika kiunoni huvioni vidole vyako vya miguu. Mputa (sangara) na ngege (sato) wamo, ila kuwatazama wakiogelea ni bahati. Tena kuna kichocho, hasa kule kwenye matete na maji ya kina kifupi ambako watoto ndiko hupenda kuchezea.

Ssese ina mambo yake: msitu, mchanga wa Lutoboka, na ile feri ya kutoka Nakiwogo inayokata maji kama saa tatu na nusu, bibi amekaa kitini akitazama visiwa. Viko 84. Mpelekeni huko wakati mwingine kwa ajili ya hayo.

Na popote mtakapokwenda, mtoto asipande boti bila jaketi la kuokolea linalomkaa mwilini. Sisi wa ziwa hili hatujasahau Novemba 2018, boti ya starehe ilipozama upande wa Mukono na watu zaidi ya 30 wakafa. Ulizeni kabla ya kulipa kama wana majaketi ya mtoto wa miaka sita. La mtu mzima humchomoka mtoto akianguka majini.

Muuguzi_Mbarara

Nahodha amesema kweli kuhusu kichocho. Wale konokono wanaokibeba ni wa maji baridi, kwenye maji ya chumvi hawaishi, kwa hiyo baharini hofu hiyo iondoeni.

Ninalotaka kulisema kwa nguvu ni pumu ya baba. Kabla ya kuzamia watampa fomu ya afya, na swali la pumu limo. Asiandike "hapana" ili mambo yaende haraka. Ukishuka mita 10 tu, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu. Ukipanda, hewa iliyo kifuani inatanuka, na ikiwa njia zake zimebana kidogo haina pa kutokea. Mapafu yanaweza kuchanika. Aende kwa daktari hapa Kampala, apimwe nguvu ya kupumua, apewe barua. Barua isipopatikana, aelee juu na miwani na mrija pamoja na mvulana. Hilo kwa kawaida halina shida, mradi dawa yake iwe kwenye boti na si hotelini.

Mwenye mafua siku hiyo naye asizamie, awe mkubwa awe mdogo. Masikio yakiziba hayasawazishi mgandamizo wa maji, na maumivu yake ni makali.

Mpemba_Kisenyi

Waalaikum salaam dada. Mimi ni mtu wa Pemba, biashara ndiyo iliyonileta Kampala. Nimesoma maswali yako nikaona jambo moja hukuliuliza, na ndilo litakaloamua likizo yenu: maji kujaa na kupwa. Watu wa ziwani hamna hili, kwa hiyo mnachagua hoteli kwa picha iliyopigwa maji yamejaa. Mkifika Paje au Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, mnakuta bahari imekwenda zake, umebaki mchanga na mwani, na mwendo mrefu wa miguu hadi maji yalipo. Ni pazuri sana kwa kuokota na kutazama viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota. Lakini mtoto aliyeahidiwa kuogelea asubuhi atalia.

Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu tunakuwa na bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti yake Unguja hufika kama mita nne, na mkondo unakuwa na nguvu. Katikati ya hapo kuna maji mafu, bahari imetulia. Tazameni kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi. Kwa wanaoanza, siku za maji mafu ndizo zenu.

Desemba upepo ni wa kaskazi. Pwani ya mashariki na kisiwa kidogo cha Mnemba huweza kuchafuka, ila Kendwa, kule kaskazini ya Unguja, iko upande wa magharibi, imejikinga, na maji yake hayaendi mbali yakipwa. Ningekuwa mimi ningelala Kendwa au Nungwi. Mnemba ni pazuri, kasa wapo, matumbawe yapo, ila boti ni nyingi na mkondo upo. Nendeni mapema asubuhi, mdogo abaki pwani na bibi yake.

Kwa mdogo na bibi kuna Chumbe. Ni kisiwa kidogo kilichohifadhiwa, kuzamia kwa mtungi ni marufuku, kuelea na miwani tu, tena na mwongozaji. Samaki wake hawana woga. Bibi atapata kivuli na mnara wa taa wa mwaka 1904 wa kutazama. Nafasi za siku ni chache, wekeni mapema.

Kwetu Pemba sikushauri kwa safari hii, ingawa naumia kusema hivyo. Miamba yetu inashuka wima, kina kirefu, ni raha ya mzamiaji aliyekomaa. Binti akishapata cheti na uzoefu mleteni kisiwa chetu cha Misali. Kisiwa cha Mafia nacho Desemba kina papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote, na kumwona hakuhitaji mtungi, ila gharama ya kufika na watu sita mtaihisi.

Matumbawe yasikanyagwe. Ni viumbe hai, na hukata mguu kama chupa. Na wale viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu msiwaguse kabisa.

Mzamiaji_Jinja

Mimi kuzamia nilijifunzia pwani, kwa hiyo nijibu la umri. Kwa utaratibu wa PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya kuzamia, ambao vituo vingi vya pwani yetu wanaufuata, cheti cha vijana huanza miaka 10. Mvulana wako wa 11 kwa hiyo anaruhusiwa, lakini asipite mita 12 na awe na mwalimu, au na mzazi mwenye cheti. Binti wa 14 anaweza kufika mita 18 akiwa na mtu mzima mwenye cheti. Mdogo wa 6 hapana, na kituo kitakachokubali kikimbieni.

Kuruhusiwa si kuwa tayari. Mvulana ambaye hajaonja chumvi aanze juu ya maji. Aone kwanza kama anastahimili kupumulia mdomoni uso ukiwa majini. Binti aanze bwawani au maji tulivu kwa majaribio, kozi baadaye akiipenda. Amri ya kwanza atakayofundishwa ni kutozuia pumzi kamwe. Ya pili ni kusawazisha masikio tangu mita ya kwanza, kwa kubana pua na kupuliza polepole, kabla hayajauma.

Mavazi: suti ya kuzamia yenyewe inafunika kuanzia shingoni hadi kifundo cha mguu. Ukielea tu, vaa suruali ndefu ya kuogelea na shati la kuogelea la mikono mirefu na kilemba cha kubana. Hata asiyesitiri avae hivyo, jua la saa sita likikupiga mgongoni humo majini hulisikii, unalijua usiku.

Shemeji_wa_Watamu

Msiitupe Watamu! Hifadhi ya bahari tangu 1968, samaki wa kila rangi, na kuna boti zenye kioo chini, kwa hiyo bibi anaona kila kitu bila kulowa. Mtaokoa nauli za ndege.

Mzamiaji_Jinja

Shemeji, kwa bibi umesema vyema sana. Ila kwa atakayezamia, basi si kinga. Aliyezamia haruhusiwi kupanda ndege papo hapo, na sababu ni mwinuko: ukizamia mara moja subiri angalau saa 12, ukizamia mara kadhaa subiri 18. Nairobi iko karibu mita 1,800, na njia ya Nakuru kwenda Eldoret inapanda zaidi ya hapo. Mtu akitoka majini mchana akapanda basi jioni, ni kama amepanda ndege. Siku ya mwisho iwe ya nchi kavu, mkienda Watamu au Zanzibar.

MamaZahra_Kibuli

Mungu awalipe. Nimemsomea mume wangu yote, Nahodha ndiye aliyemtuliza kuhusu Kalangala. Tunakwenda Zanzibar: ndege hadi Dar es Salaam, kisha boti ya abiria. Tutalala Kendwa, tutatoka kabla ya bei za Krismasi, tukifuata maji mafu kama alivyosema mzee wetu wa Kisenyi. Siku ya Chumbe tutakuwa wote. Siku ya binti na mtungi itakuwa mapema, ya mwisho tutembee Mji Mkongwe. Baba anamwona daktari kwanza. Bibi ameuliza tena kuhusu ile boti ya kioo, kwa hiyo nitaulizia kama ipo Unguja.

Limebaki moja. Wakubwa wana kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, mdogo hana. Ni lazima?

Mpemba_Kisenyi

Boti za kioo Unguja zipo, dada, ulizeni hapo hapo Nungwi. Chagueni saa maji yametulia, la sivyo bibi atatapika.

Muuguzi_Mbarara

Kadi ni lazima, Tanzania wanaidai kwa anayetoka Uganda. Achanjwe mapema, kwa sababu cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na akishachanjwa ni cha maisha. Wakati wa kuandika, simama hapo hapo uhakikishe jina ni lile lile la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Za wakubwa nazo zikagueni leo.