Naomba ushauri: niko field ugenini, vikaoni naambulia patupu

Habari wakuu. Mimi ni mwanafunzi, niko nchi ya watu kwa mafunzo kwa vitendo ya miezi 3, na huu ni mwezi wa pili. Kazi naiweza, shida ni lugha. Kikao kinaanza kwa Kiingereza, dakika 5 tu wameshahamia lugha yao. Nabaki kutikisa kichwa na kucheka wakicheka wenzangu. Jana nimeambiwa "fanya kama tulivyokubaliana", na wala sijui tulikubaliana nini! Msimamizi ni mtu mwema, ila ana haraka muda wote. Daftari langu la kila siku limejaa "nilihudhuria kikao", na chuo kinalitaka likiwa limesainiwa. Nimwambie ukweli sasa hivi, au nimwombe mwenzangu mmoja awe ananitafsiria kimyakimya? Mliopitia haya mlifanyaje?