Hafla ya hisani ya kunyanyua vyuma: wanawake 24, wiki 10, tuanzie wapi?

Mratibu_wa_Tizi:
Wadau, salaam. Jimu yetu inaandaa hafla ya hisani. Wanawake 24 watapiga dedilifti (kunyanyua fimbo ya chuma yenye uzito kutoka sakafuni hadi kusimama wima) mbele ya watu, na wafadhili wataahidi kiasi fulani kwa kila kilo. Fedha zinakwenda kwenye kituo kinachohifadhi akina mama na watoto wao. Zimebaki wiki 10. Kati ya hao 24, kumi na wanane hawajawahi kushika fimbo. Sita wana zaidi ya mwaka kwenye mazoezi ya nguvu. Tuna majukwaa mawili, raki mbili (fremu za kuegeshea fimbo), fimbo mbili za kilo 20 na mbili za kilo 15, na pleti (sahani za uzito) za mpira kuanzia kilo 5. Wazo la awali ni kila mmoja atafute uzito wake wa juu kabisa, kisha tuzidishe kwa ahadi. Naomba ushauri kuhusu hesabu, programu na usalama. Halafu wapo wanaohofia kujaa misuli kama wanaume, hao niwajibuje?

Kocha_Mgongo_Wima:
Mkuu, kabla ya programu rekebisha kwanza hesabu ya ahadi, kwa sababu ndiyo itakayoamua watu watanyanyuaje siku hiyo. Ukiifunga pesa kwenye uzito mmoja wa juu kabisa, mtu mwenye wiki 10 tu za mazoezi ataona kila kilo 5 za ziada ni chakula cha mtoto kituoni. Atajaribu hata mgongo ukianza kupinda, na ukumbi mzima utakuwa unampigia makofi ajaribu tena. Hapo hata kocha mzuri hasikilizwi.

Hesabu jumla ya kilo, yaani uzito mara marudio mara seti. Rudio ni mnyanyuo mmoja, na seti ni marudio yanayofuatana bila kupumzika. Lakini usiiache bila mipaka. Fimbo tupu ya kilo 20 ikinyanyuliwa mara 40 ni kilo 800, wakati kilo 60 mara 10 ni 600 tu. Bila kikomo watu watakimbilia uzito mwepesi na kuchoka ovyo, na uchovu ndio unaoharibu umbo, yaani namna mtu anavyonyanyua. Weka seti 3, kila seti isizidi marudio 8, na kila mwanamke atumie uzito aliokwisha kuumudu mazoezini. Kilo 50 mara 8 mara 3 ni kilo 1,200. Hiyo ni namba inayosisimua ukitangaza, na hakuna aliyejaribu kitu asichokijua.

Kisha hesabu marudio safi pekee. Rudio ni safi pale fimbo inapotulia sakafuni kabla ya kupandishwa, mgongo unabaki vile ulivyoanza, nyonga na magoti vinanyooka juu, na fimbo inashushwa ikiwa mikononi, haiachiliwi. Mwamuzi akiona rudio moja chafu, anasema "basi" na seti inaishia hapo. Waelezeni wanawake na wafadhili sheria hii mapema, ili mtu akisimamishwa asione ameonewa.

Kuhusu hofu ya misuli: kiwango cha testosteroni cha mwanamke mzima huwa chini ya kile cha mwanamume kwa zaidi ya mara kumi, na kujenga misuli mikubwa kunataka miaka ya mazoezi na chakula kilichopangwa kwa lengo hilo. Wiki za mwanzo nguvu inaongezeka zaidi kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuamsha misuli iliyopo. Ndiyo maana mtu anaweza kutoka kilo 25 hadi 50 na nguo zake zikamkaa vilevile. Waambie pia kuhusu mifupa: baada ya hedhi kukoma, mfupa hupungua uimara kwa kasi, na kubeba uzito ni kati ya vitu vinavyoupa sababu ya kubaki imara. Hilo huwagusa hata wale waliokuja kwa ajili ya hisani tu.

Dada_Raki:
Naongezea programu. Siku mbili kwa wiki zinatosha kwa wale 18, siku tatu kama wanaweza, ila pasiwe na siku mbili za dedilifti zinazofuatana. Kila siku iwe na skwati (kuchuchumaa na kusimama ukiwa na uzito) au hatua za kupishana miguu, zoezi moja la kusukuma, moja la kuvuta, na mwishoni kutembea umebeba dambeli mbili nzito mita 20 hadi 30. Hilo la mwisho watu hulidharau, wakati linajenga mshiko, na mshiko ndio unaowaangusha wanawake wengi kwenye dedilifti kabla ya miguu kuchoka.

Wiki ya 1 msiguse uzito wowote wa maana. Mtu ajifunze kukunja nyonga akiwa ameshika kijiti mgongoni kinachogusa kisogo, katikati ya mabega na mfupa wa makalio. Sehemu moja ikiachana na kijiti, mgongo umepinda. Wiki ya 2 mpe fimbo ya kilo 15 na pleti mbili za kilo 5, jumla kilo 25. Asiyeweza kuishika hiyo vizuri abaki na ketibeli (chuma chenye mpini juu) ya kilo 12 au 16 mpaka aweze. Wiki ya 3 hadi ya 5 ongeza kilo 5 kwa wiki, kisha kilo 2.5 hadi wiki ya 8. Aliyeanza na 25 atafika 40 mwishoni mwa wiki ya 5, na karibu 47.5 wiki ya 8. Asiyekamilisha seti tatu za 8 kwa umbo safi harudishwi nyuma, anarudia uzito uleule wiki inayofuata. Kila seti iishie akiwa bado ana marudio mawili au matatu akibani. Mapumziko kati ya seti ni dakika 2 hadi 3. Wapya wataona ni mingi, usikubali waikate.

Wiki ya 9 fanyeni zoezi zima la hafla, na mwamuzi na watazamaji wachache. Wiki ya 10 punguza seti nusu, na dedilifti nzito ya mwisho iwe siku 5 hadi 7 kabla.

Sasa dedilifti yenyewe. Fimbo iwe juu ya katikati ya mguu, karibu sentimita 2 au 3 kutoka muundi ukiwa umesimama wima. Inama ushike bila kuisogeza. Leta muundi uguse fimbo, inua kifua, bana kwapa kana kwamba kuna gazeti hutaki lianguke. Kabla ya kunyanyua, ivute fimbo kidogo hadi usikie chuma kikigonga ukingo wa tundu la pleti. Huo mlio maana yake ulegevu umeisha. Vuta pumzi hadi tumbo likaze pande zote, kisha sukuma sakafu kwa miguu.

Kosa utakaloliona sana ni nyonga kupanda kwanza huku mabega yamebaki chini. Makocha wengi hupiga kelele "kifua juu!" na halisaidii kitu. Chanzo mara nyingi ni kuanza na nyonga chini mno kana kwamba ni skwati, hivyo mwili unajirekebisha wenyewe kabla fimbo haijaondoka. Pandisha nyonga kidogo mwanzoni na kosa linapotea. Likibaki, uzito umezidi. Kosa la pili ni fimbo kutoroka mbele ya mguu: hapo kwapa limeachia.

Fundi_Fimbo:
Vifaa ulivyotaja vinatosha, ila kuna mambo matatu.

Kwanza, kama fimbo zako ni za viwango vya mashindano, ile ya kilo 15 ina unene wa milimita 25 na ya kilo 20 ina 28. Milimita tatu ni tofauti kubwa kwa mkono mdogo. Wapeni wapya ya kilo 15 siku zote, na siku ya hafla kila mtu atumie aina ileile aliyofanyia mazoezi. Pia ziandikwe uzito kwa utepe, maana zikichanganywa hesabu yote ya kilo inaharibika na hakuna atakayegundua.

Pili, pleti kubwa ya kawaida ina kipenyo cha sentimita 45, hivyo fimbo inakaa sentimita 22.5 kutoka sakafuni. Pleti za chuma za kilo 5 au 10 zikiwa ndogo, fimbo inashuka na mtu anainama zaidi, na mgeni ndiye anayeumia hapo. Inua kila upande kwa mbao au mikeka hadi ifike urefu huo, na upime kwa futi pande zote mbili. Zile pleti za mpira za kilo 5 ni nyembamba. Zikiangushwa zikiwa peke yake kwenye fimbo zinapinda. Sababu nyingine ya kushusha kwa mikono.

Tatu, tafuteni pleti za kilo 1.25 na za nusu kilo. Kutoka kilo 60 hadi 62.5 kwenye skwati ni nyongeza ya asilimia 4. Kutoka 20 hadi 22.5 kwenye kusukuma juu ya kichwa ni asilimia 12.5, na ndiyo sababu wanawake wengi wanakwama pale wiki nzima nzima wakidhani mabega yao ni dhaifu. Shida iko kwenye rafu ya pleti.

Na fungeni klipu (vibanio vinavyozuia pleti zisitoke) kila seti, hata kwa kilo 25.

Mzee_wa_Jukwaa:
Nakubaliana na Kocha kwa wale 18. Kwa sita wazoefu sioni sababu ya kuwanyima uzito wa juu. Watazamaji watapenda kuona, nao wana haki ya kuonyesha nguvu waliyoijenga. Wape majaribio matatu kama kwenye mashindano, na ahadi yao ihesabiwe tofauti, kwa kilo ya jaribio bora.

Namna ya kuchagua: wiki ya 8 kila mmoja afanye seti nzito ya marudio 3 hadi 5, kisha zidisha uzito kwa (1 + marudio ÷ 30). Kilo 80 mara 5 inakupa takriban 93, makadirio ya uzito anaoweza kuunyanyua mara moja tu. Jaribio la kwanza liwe uzito anaoweza kuunyanyua mara tatu siku mbaya, karibu asilimia 90, hapa tuseme 82.5. La pili 87.5 au 90. La tatu aamue baada ya kuona la pili lilivyokwenda, na akiamua kuliacha, jaribio la pili linahesabiwa bila kupungua hata shilingi ya ahadi. Mpangaji asimpangie mtu jaribio la tatu mapema kwenye bango.

Mweka_Hazina:
Upande wa pesa. Fomu ya ahadi iseme waziwazi: kwa kilo ya jumla ya mtu mmoja, kwa kilo 100 za timu nzima, au kiasi kamili. Msipoitenganisha, mtu aliyedhani anaahidi kwa kilo 60 za rafiki yake atadaiwa kwa kilo 1,200, yaani mara ishirini ya alichofikiria. Weka kisanduku cha kikomo cha juu kwenye kila fomu. Kwa wengi, kilo 100 za timu ndiyo rahisi: wanawake 18 wakipata wastani wa kilo 1,000 kila mmoja ni vipande 180, na mfadhili anaweza kupiga hesabu kichwani kabla ya kusaini.

Gharama za hafla zitatoka wapi? Kama mtazikata kwenye michango, isemeni kabla, kwa maandishi. Pata barua ya kituo inayokubali hafla itumie jina lake. Fedha taslimu zihesabiwe na watu wawili palepale, wote wasaini, na stakabadhi itolewe kwa kila mtu. Ahadi zikusanywe ndani ya siku 7; baada ya hapo mwitikio hupoa. Tangazeni jumla ya kilo na jumla ya pesa zilizofika kituoni, siyo zilizoahidiwa.

Mratibu_wa_Tizi:
Asanteni sana. Tunabadilisha utaratibu. Maswali mawili ya mwisho. Mmoja alijifungua miezi minne iliyopita, na mwingine ameniambia faragha kwamba mkojo unamtoka kidogo akinyanyua. Je, waendelee? Na kuna anayependekeza tupime uzito wa mwili ili tuwapange kwa haki.

Dada_Raki:
Aliyejifungua aanze na ruhusa ya daktari au mkunga wake, hasa kama alifanyiwa upasuaji. Akiruhusiwa, aanze na ketibeli, na nyongeza yake iwe nusu ya wenzake. Kama tumbo linatuna katikati mithili ya paa anaponyanyua, au anahisi kitu kizito kinashuka ukeni, uzito ushuke siku hiyohiyo na amwone mtaalamu wa fiziotherapia.

Huyo wa pili hayuko peke yake, na ashukuriwe kwa kusema. Ajaribu kutoa pumzi fimbo inapopanda badala ya kuizuia, ashushe uzito hadi mkojo usitoke, na aachane na mkanda wa kiunoni wa kunyanyulia kwa sasa, kwani mkanda unaongeza shinikizo ndani ya tumbo. Misuli ya sakafu ya nyonga inafunzwa kama misuli mingine. Mtaalamu atamwonyesha kama yake ni dhaifu au imekaza kupita kiasi, maana matibabu yake ni tofauti. Anayevuja si lazima aache, ila asivumilie kimyakimya.

Mizani msiilete. Mmeshaondoa ushindani wa uzito wa juu, kwa hiyo haina kazi, na kwa baadhi ya wanawake kupimwa mbele za watu ndiyo sababu ya kutokuja. Wapangeni kwa uzito wa fimbo: kila jukwaa makundi mawili ya watu sita, anayeanza na fimbo nyepesi atangulie, ili katika kila mzunguko pleti ziwe zinaongezwa tu. Kila seti ipewe dakika 2 pamoja na kupakia. Kundi moja linamaliza seti 18 kwa dakika 36, na kila mtu anapumzika kama dakika 10 kati ya seti zake. Wale sita wawe kundi lao la mwisho kwenye jukwaa moja. Wapakiaji wawili kwa jukwaa, na mwamuzi asome uzito kwa sauti kabla ya mtu kushika fimbo.